Baba Anataka Kujua Mpira Uko Wapi

Nyumbani kwetu Keko, goli huingia mara mbili. Mara ya kwanza linaingia kwa masikio. Kelele inatoka Uwanja wa Benjamin Mkapa, inapita juu ya mabati ya Chang'ombe na kutufikia sebuleni. Mara ya pili linaingia kwenye televisheni, sekunde kadhaa baadaye, kwa sababu picha lazima ipande kwanza kwenye setilaiti ndipo ishuke. Mgeni akija kuangalia mechi kwetu hushangaa kumwona mzee ameshapiga makofi wakati mpira kwenye kioo bado uko katikati ya uwanja.

"Subirini," baba huwaambia. "Linakuja."

Baba haoni. Kelele inamsaidia, lakini haimwambii kila kitu. Haimwambii nani kafunga, kwa mguu upi, beki alikuwa amesimama wapi, kipa aliruka au alibaki anaangalia. Hayo ni kazi yangu. Mimi ni mwandishi wa habari na nimepitia mikononi mwa wahariri wengi, wengine wakali kwelikweli, lakini aliyenifundisha zaidi hajawahi kukanyaga chumba cha habari. Ni seremala mstaafu wa Keko, shabiki wa Simba, ambaye kila tukiwa uwanjani ananiuliza swali moja: mpira uko wapi?

Unayeifahamu Dar es Salaam unaijua Keko kwa makochi, vitanda na makabati yaliyopangwa kando ya barabara. Baba alifanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini. Nikiwa mdogo nilimtambua kwa harufu kabla sijamwona: vanishi na maranda ya mninga. Jumamosi akiuza kitanda, Jumapili tulikwenda mpirani, Uwanja wa Taifa wa zamani, huu unaoitwa Uhuru siku hizi. Alinibeba mabegani. Mama, ambaye ni Yanga wa kuzaliwa, alikuwa akitusindikiza mpaka mlangoni na dua zake mbaya. "Mkifungwa mpitie sokoni, msirudi mikono mitupu na aibu juu."

Kwa hiyo mechi za kwanza maishani mwangu niliziona nikiwa juu ya kichwa cha baba. Yeye alikuwa akinielekeza: yule namba saba, angalia mguu wake wa kushoto. Sikujua kwamba siku moja tutabadilishana.

Ugonjwa wenyewe ni presha ya macho. Hauumi, na ubaya wake uko hapo. Unaanza kula pembeni ya uoni, taratibu, na mtu haoni kwamba haoni. Baba alianza kujigonga kwenye milango aliyoitengeneza mwenyewe. Akakata ubao vibaya mara mbili katika wiki moja, jambo ambalo mafundi wenzake walilichukulia kama uzee. Tulipofika kwa daktari tukaambiwa matone yatazuia kilichobaki kisiondoke upesi, lakini kilichokwisha kuondoka hakirudi. Mwaka 2013 alikuwa amebakiwa na uoni wa katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Uwanjani alikuwa akigeuza shingo huku na huku kuufuata mpira, kama kuku.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenikaa rohoni.

Jumapili ya tarehe 20 Oktoba 2013, Simba na Yanga. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimepata kazi yangu ya kwanza, na tiketi mbili nilizinunua kwa pesa yangu. Tulikaa mzunguko. Kipindi cha kwanza Yanga wakatufunga matatu. Matatu, na bado mapumziko hayajafika! Mnaojua utani wa Kariakoo mnajua maana yake. Vuvuzela, nyimbo, watu wazima wanakutolea ulimi. Mbele yetu kijana mmoja aliyevaa kijani na njano alikuwa amegeuka nyuma kabisa, haangalii tena mchezo, anatuangalia sisi.

Filimbi ya mapumziko ilipolia nikamshika baba mkono. "Baba, twende kabla ya foleni."

"Bado dakika arobaini na tano," akasema.

"Yatakuwa sita, baba. Twende."

Hakubishana. Alisimama, akaweka mkono begani kwangu, tukashuka ngazi. Ningependa kusema alikubali kwa hiari, lakini ukweli ni kwamba asingeweza kushuka ngazi zile peke yake. Mimi nikiondoka, naye ameondoka. Na wala haikuwa foleni. Nilikuwa naona aibu.

Tulikwenda polepole, na tukasimama kidogo kwa muuza maji. Tulikuwa bado hatujafika mbali na Duce, tukasikia uwanja unapasuka nyuma yetu.

"La nne," nikasema.

Baba akasimama. "Hapana. Hiyo ni yetu. Mtu anayeongoza matatu hapigi kelele namna hiyo."

Hatujaenda hatua nyingi, ikapasuka tena. Tukarudi mbiombio, kama mbio ni neno la kutumia kwa mtu aliyeshikilia bega la mwenzake. Mlinzi wa geti akasema tiketi ikishachanwa imechanwa, ukitoka umetoka. Nikabembeleza, nikamwonyesha macho ya baba, nikaona hata haya kuyatumia namna ile. Akakataa. La tatu lilituikuta mbele ya mama mmoja anayekaanga mihogo, akiwa na kiredio kidogo juu ya ndoo. Tatu kwa tatu. Watu walitoka majumbani mbio, wanakumbatiana na wasiowajua. Baba alipiga makofi, akanunua mihogo ya kila mtu aliyekuwa pale, akacheka. Hakunilaumu siku ile wala siku nyingine.

Kufikia 2015 tundu la kitasa nalo lilikuwa limezibika.

Mwanzoni alikataa kwenda uwanjani. Aliendelea kwenda kwenye karakana, kwa sababu msasa hauhitaji macho. Mpaka leo vijana wa pale humletea meza wazipitishe mkononi mwake kabla mteja hajaja. Lakini mpira alisema basi. Kilichomrudisha si mpira. Ni ngumi.

Nilikuwa nimetumwa kuandika juu ya pambano katika ukumbi mmoja wa Manzese, nikamchukua ili tu atoke nyumbani. Ukumbi ulikuwa wa joto, mapangaboi yanazunguka bila kusaidia, tukakaa karibu kabisa na ulingo. Nikaanza kumsimulia. Akanigusa goti: nyamaza kwanza. Aliinamisha kichwa akasikiliza. Raundi ya tatu akasema, "Huyu wa kona ya mbali amekwisha."

Mimi niliyekuwa naona nilikuwa nimeandika kwenye daftari kwamba wa kona ya mbali anaongoza. Alikuwa anarusha ngumi nyingi, watu wanamshangilia. "Kwa nini, baba?"

"Anapumulia mdomo tangu raundi ya pili. Na ngumi zake zinagonga glovu, hazigongi mwili. Sikiliza. Ya kwenye mbavu ina sauti ya gunia."

Raundi ya tano jamaa alikaa chini na hakunyanyuka mpaka wakahesabu kumi. Watu wa nyuma yetu wakaanza kumuuliza mzee dau la pambano linalofuata. Alirudi nyumbani akiwa mrefu kuliko alivyoondoka.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiigawa michezo kwa namna yangu: ile inayosikika na ile isiyosikika. Ngumi zinasikika zote. Kikapu pia, pale viwanja vya Don Bosco Upanga, mpira unadunda na viatu vinalia. Baba huweza kuniambia timu inapanga au inakimbia kwa mdundo tu. Netiboli inachanganya, kwa sababu mchezaji hadundishi mpira na haruhusiwi kutembea nao. Kuna ukimya mfupi kila mtu anaposhika, halafu jina la mwenzake linaitwa. Baba alizijua timu mbili za netiboli kwa majina ya wachezaji wanaoitwa sana. "Huyo Mwajuma ndiye wanayemtegemea," alisema, na hakukosea.

Ngalawa hazisikiki kabisa. Tulikuwa Unguja kwa shangazi, upande wa kaskazini, kukawa na mashindano ya ngalawa pale kijijini. Zilipoondoka ufukweni ilikuwa shangwe, matanga yanapandishwa, watoto wanakimbia majini. Baada ya hapo, kimya. Matanga yakawa vidoto. Watu wa pwani wenyewe wakaanza kubishana ipi ni ipi.

"Nani yuko mbele?" baba akauliza.

"Yenye kiraka cha bluu kwenye tanga."

"Kwa kiasi gani?"

"Sijui, baba. Zimekwenda kama vipepeo weupe..."

"Sikukuuliza zinafanana na nini. Nimeuliza ziko wapi."

Nimesoma vitabu kadhaa juu ya uandishi, na nimehudhuria semina zenye vyeti. Sentensi hiyo niliyoambiwa kwenye mchanga ndiyo ninayoikumbuka kila nikikaa kuandika. Msomaji naye hakuwepo. Anataka kwanza kujua mpira uko wapi, nani anao, anaelekea wapi. Vipepeo vitafuata, kama kuna haja.

Ngalawa ziliporudi, baba akaomba apelekwe kwa ile iliyoshinda. Nahodha kijana, maji yanamchuruzika, akampa shikamoo na kumwachia. Mzee akapitisha viganja kwenye ubavu wa chombo kutoka omo mpaka tezi. "Mwembe," akasema. Nahodha akaitika: mwembe. Mikono ikaendelea kutembea, ikafika upande wa kushoto, ikasimama. "Hapa tezo imebadilika. Fundi alichoka?"

Nahodha akacheka sana. "Mzee wangu, hapo alimalizia mwanawe."

Mbio ndefu nazo nilidhani hazisikiki. Mwaka mmoja nilikuwa Moshi kikazi, Kilimanjaro Marathon, alfajiri, nje ya uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Nilimpigia simu baba ili asikie vishindo vya watu. Akaniambia niishushe simu karibu na lami. Wakapita wale wa mbele, wachache, na kwenye simu, aliniambia baadaye, walisikika kama mtu anayepigapiga meza kwa vidole. Hakuna pumzi, hakuna neno. Kisha ukawa ukimya mrefu. Halafu wakaja wengine wote, mamia kwa mamia, wanaongea, wanacheka, wanataniana, na mzee akaniuliza kama mvua imeanza. Nilikuwa nimeripoti mbio hizo kabla na sikuwahi kuusikia ule ukimya wa katikati. Ndiyo umbali kati ya anayekimbia kushinda na sisi wengine.

Mpirani alirudi polepole, mechi ndogondogo kwanza. Kisha ikaja tarehe 24 Machi 2019, Taifa Stars na Uganda. Tangu 1980 hatukuwa tumecheza fainali za Mataifa ya Afrika. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Uganda walikuwa wameshafuzu. Sisi tulitakiwa tushinde, na wakati huohuo Lesotho wasishinde kule Praia, Cape Verde. Nilikuwa na kitambulisho cha waandishi, kiti changu kipo, na meza yake. Nikakiacha nikaenda kukaa na baba.

Uwanja ule wa watu 60,000 ulijaa, na siku ile ndipo nilipojua kwamba mimi ni mtangazaji mbovu. Simon Msuva alipofunga la kwanza nilipiga yowe tu. Nilirukaruka, nikamkumbatia mama wa watu aliyekuwa pembeni yangu, nikasahau kabisa kwamba kuna mtu anasubiri kuambiwa. Nilipogeuka nikamkuta baba amekaa, anatabasamu gizani kwake, mkono mmoja umeshika redio sikioni.

"Sasa wewe ndiyo mtangazaji gani?" akasema. "Umefunga wewe?"

Erasto Nyoni akafunga la pili kwa penalti. Aggrey Morris akaweka la tatu. Lakini hapo watu wote wa safu yetu walikuwa wameshahamia kwa baba. Kwa nini? Kwa sababu sote tulikuwa tunaiona mechi moja, na yeye alikuwa na redio. Yeye ndiye aliyekuwa na habari za Praia.

"Mzee, vipi huko?"

"Bado sufuri kwa sufuri."

Dakika tano nyingine: "Mzee?"

"Sufuri. Tulieni."

Vijana wenye macho mazima wamemzunguka mzee asiyeona, wanamwangalia usoni kama ndiyo ubao wa matokeo. Alipoishusha redio na kusema, "Imekwisha, hakuna aliyefunga," safu nzima ilimwangukia. Nilikuwa na hofu watamuumiza. Nilipompata chini ya lundo lile la watu, kofia haipo, kiatu kimoja hakipo, analia na kucheka.

Nimeona mengine tangu hapo. Mwaka jana, Septemba 2025, Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia Tokyo, tulikuwa sebuleni usiku wa manane kwa saa za kwetu. Yeye na Mjerumani walifika utepeni pamoja na wote wakaandikiwa saa 2:09:48. Baba akauliza, "Nani?" Nikamwambia sijui. Akaniuliza tena kwa hasira. "Baba, hata waliopo pale hawajui, wanangoja picha." Akatulia, akaegemea kiti. Nadhani alifurahia dakika ile: dunia nzima imekodoa macho, na hakuna aliyeona kuliko yeye.

Lakini ninachotaka kumalizia ni Novemba 5, 2023.

Simba na Yanga tena. Kipindi cha kwanza kikaisha moja kwa moja. Kipindi cha pili yakaingia manne, yote ya kwao. Tano kwa moja. Mashabiki wetu walianza kutoka lilipoingia la tatu. Lilipoingia la nne ngazi zilijaa watu wekundu wanaoshuka kimya, kama wanaotoka msibani. Mguu wangu ulikuwa unacheza. Nilikuwa na miaka thelathini na zaidi, nina cheo kazini, na aibu ileile ya 2013 ilikuwa inanipanda shingoni.

Baba akauliza, "Mpira uko wapi?"

Nikamwambia. Uko kwao, kushoto, wanapasiana, hatuufikii. Nikamsimulia penalti ya la tano: nani kaitenga, alirudi hatua ngapi, kipa wetu alikwenda upande gani. Sauti ilikuwa inanitetemeka. Halafu nikasema lile ambalo miaka kumi nilikuwa sijalisema.

"Baba, ile siku ya tatu kwa tatu. Nilikutoa mapema. Zilikuwa dakika za mwisho za macho yako, na mimi nikakutoa."

Alikaa kimya kidogo. Upande wa pili Yanga walikuwa wanaimba.

"Wewe unafikiri nilikosa magoli matatu," akasema. "Mimi niliyaona matatu. Kipindi cha kwanza niliyaona yote, kwa macho yangu haya. Magoli ya mwisho niliyoyaona duniani ni ya Yanga." Akaanza kucheka. "Usije ukamwambia mama yako. Hatutakaa tulale."

Nilicheka nikiwa nalia. Kijana wa mbele yetu, mmoja wa wetu wachache waliobaki, aligeuka akatuangalia kama vichaa.

"Wamebaki wangapi upande huu?" baba akauliza.

Nikasimama nikahesabu. Nilihesabu kwa haki, safu kwa safu, kwa sababu aliuliza idadi, hakuuliza inafanana na nini. "Safu yetu tuko kumi na wanne. Ya chini, sita. Kule juu kuna baba na mtoto wake, mtoto amelala."

"Vizuri," akasema. "Tukae na wao."

Tulikaa mpaka kipyenga. Tulikaa mpaka Yanga walipomaliza kuzunguka uwanja, mpaka wazoa taka walipoanza kusukuma chupa kwa mafagio kwenye ngazi. Mmoja alituamkia, akaomba atupishe. Baba akaweka mkono begani kwangu, tukashuka, na njia nzima mpaka Keko alinitaka nilirudie lile goli letu moja, tangu mwanzo, mpira ulikuwa wapi.